Tathmini ya kadi za mkopo: tazama kwanza unavyolipa, zawadi baadaye

Kadi ya mkopo hunadiwa kwa pointi, maili za ndege na ofa ya kujiunga. Lakini kinachoamua kama itakufaa au itakuumiza kimo kwenye jedwali la riba na ada, na kwenye tabia moja ya mwenye kadi: je, hulipa deni lote kila mwezi, au hubakiza? Hao ni wateja wawili tofauti kabisa. Kadi nzuri kuliko zote kwa wa kwanza yaweza kuwa mbaya kuliko zote kwa wa pili, ndiyo maana tathmini hii inazipanga kadi kwa hali ya mfuko na si kwa majina ya benki. Usihadaike pia na jina la Visa au Mastercard lililoandikwa kwenye kona. Hiyo ni mitandao ya kupitisha malipo tu. Riba, ada, ukomo (kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa) na adhabu hupangwa na benki iliyotoa kadi, na benki moja yaweza kuwa na kadi tano zenye masharti matano.

Hesabu zote hapa hazina jina la sarafu. Ziweke kwenye sarafu unayolipwa.

Jipime kabla ya kujaza fomu

Chukua taarifa za akaunti yako za miezi sita iliyopita. Kwa kila mwezi andika mapato, kisha toa kodi ya nyumba, chakula, nauli, ada za shule, marejesho ya mikopo mingine na kile unachotuma kwa ndugu. Usitafute wastani. Tafuta mwezi mbaya kuliko yote, maana bili ya kadi haisubiri mwezi mzuri. Kisha jumlisha yale matumizi unayokusudia kuyapitisha kwenye kadi. Kama hata katika mwezi ule mbaya yangelipika yote, wewe ni mlipaji kamili. Kama katika miezi miwili kati ya sita ungebakiza deni, jihesabu kuwa mbakizaji na uchague kadi ya mbakizaji, hata kama mshahara wako ni mkubwa. Wenye mapato ya msimu, kama mafundi wa mikataba, wakulima na wafanyabiashara wadogo, wengi huangukia kundi la pili. Si kwa uzembe. Ni kwa sababu fedha zao haziji kwa tarehe.

Kipimo hiki ndicho kinachofaa hata kwa ukomo. Benki itakupa ukomo unaotokana na kipato chako cha juu. Wewe omba usiozidi kiasi unachoweza kukilipa ndani ya mwezi mmoja au miwili migumu. Kuomba ukomo upunguzwe ni haki ya kawaida ya mteja, na kwa benki nyingi hutosha kupiga simu.

Tarehe mbili zinazobeba kila kitu

Kila kadi ina siku ya kufunga hesabu na siku ya mwisho ya kulipa. Kati yake kwa kawaida huwa na siku 20 hadi 25. Ukinunua kitu siku moja baada ya hesabu kufungwa, unapata mzunguko mzima wa siku 30 pamoja na zile 25, yaani karibu siku 55 bila riba. Ukinunua siku moja kabla ya kufungwa, unapata kama 25 tu. Kwa hiyo manunuzi makubwa yapange yaangukie mwanzoni mwa mzunguko. Na siku ya mwisho ya kulipa iombe iwe siku tatu hadi tano baada ya mshahara kuingia. Benki nyingi hukubali kuisogeza.

Siku hizo zisizo na riba zina sharti ambalo matangazo huliandika kwa herufi ndogo: lazima ulipe deni lote lililo kwenye taarifa, yaani hesabu ya mwezi inayotolewa na benki siku ya kufunga. Ukibakiza hata kidogo, mikataba mingi huiondoa nafuu hiyo kwa deni zima, na riba huhesabiwa kuanzia siku ya kununua. Mfano: umenunua kitu cha 50,000, riba ni 24% kwa mwaka, na siku ya 50 umelipa 49,000. Unadhani utatozwa riba ya ile 1,000 iliyobaki. Kumbe benki inahesabu 50,000 kwa siku 50, nayo ni riba ya takriban 1,644. Deni la 1,000 limezaa riba kubwa kuliko lenyewe. Zaidi ya hapo, manunuzi mapya ya mwezi unaofuata huanza kutozwa riba siku hiyohiyo, bila siku hata moja ya nafuu.

Kuna jambo jingine linaloleta ugomvi usio na sababu kwenye madirisha ya benki. Mteja aliyekuwa akibakiza deni analipa kila kitu kama taarifa inavyosema, kisha mwezi unaofuata anakuta tena riba. Si wizi. Ni riba iliyoendelea kukua kati ya siku ya kufunga hesabu na siku fedha zake zilipofika. Dawa ni kuuliza benki kiasi cha kumaliza deni leo hii na kulipa hicho, badala ya kiasi kilichochapwa. Kwa kawaida ukilipa deni lote kwa mizunguko miwili mfululizo, siku zisizo na riba hurudi.

Kiwango cha chini cha malipo ndicho mtego wenyewe

Hapa inafaa kukaa kidogo. Deni ni 100,000, riba ni 24% kwa mwaka, yaani 2% kwa mwezi, na benki inataka angalau 3% ya deni kila mwezi. Mwezi wa kwanza unalipa 3,000. Katika hizo, 2,000 ni riba, na deni linapungua kwa 1,000 tu. Mwezi wa pili kiwango cha chini nacho kinashuka, kwa kuwa ni asilimia ya deni lililobaki. Baada ya mwaka mzima umelipa kama 34,000 na bado unadaiwa zaidi ya 88,000. Baada ya miezi 69, karibu miaka sita, ndipo nusu ya deni inapokuwa imeondoka.

Sasa badili jambo moja tu: gandisha malipo kwenye 3,000 zilezile za mwezi wa kwanza, usiyaache yashuke. Deni linaisha ndani ya miezi 56, na riba yote inakuwa takriban 66,400. Ukilipa 5,000 kila mwezi, linaisha kwa miezi 26 na riba inashuka hadi kama 29,000. Tofauti kati ya 3,000 na 5,000 inaonekana ndogo kwa mwezi, lakini ile 2,000 ya ziada yote inakwenda kukata deni lenyewe, wakati ile 3,000 ya kwanza theluthi mbili zake zilikuwa zinaliwa na riba. Ndiyo sababu, kwa mbakizaji, riba inazidi umuhimu wa kitu kingine chochote kwenye kadi.

Ukilinganisha riba, hakikisha unalinganisha kipimo kimoja. Benki nyingine hutangaza riba ya mwezi kwa sababu namba yake ni ndogo. "3% tu" kwa mwezi ni 36% kwa mwaka, na riba ikizaa riba inafika karibu 42.6%. Kadi ya 24% kwa mwaka inayohesabiwa kila siku inakaribia 27.1%. Uliza: ni kwa mwezi au kwa mwaka, inahesabiwa kila siku au kila mwezi, na je, inaweza kupandishwa baada ya kuchelewa malipo?

Kadi zenyewe

*Kadi ya dhamana.* Unaweka fedha benki, tuseme 20,000, nayo benki inakupa ukomo wa kiasi hicho au chini kidogo. Fedha hukaa kama rehani na hurudi ukifunga kadi bila deni. Inamfaa asiye na historia ya mkopo, aliyewahi kushindwa kulipa, na anayeanza kazi. Wengi huiona kama kadi ya daraja la chini, na wanakosea: ndiyo njia salama kuliko zote ya kujenga jina. Ila swali moja linaamua yote, nalo ni kama benki hupeleka taarifa za malipo yako kwa taasisi za taarifa za mikopo. Kama haipeleki, umefungia fedha zako bure. Uliza pia kama dhamana inapata riba yoyote, na baada ya miezi mingapi ya malipo mazuri wanakuhamishia kadi ya kawaida. Iwekee bili moja ndogo ya kila mwezi, uilipe yote, basi. Usiichanganye na kadi ya kulipia kabla: ile unatumia fedha zako ulizojaza, hakuna mkopo, na kwa kawaida haijengi historia yoyote.

*Kadi ya riba ndogo.* Haina pointi, haina mvuto, na mara nyingi haitangazwi, inabidi uiulizie. Kwa mbakizaji hii ndiyo chaguo letu la kwanza bila kusita. Kadi ya 14% badala ya 28% inakata riba kwa nusu, na hakuna zawadi itakayoweza kufidia pengo hilo. Angalia tu kwamba riba hiyo ndogo si ya miezi michache ya kujiunga.

*Kadi ya kuhamishia deni.* Hii inakupa kipindi, mara nyingi miezi 12 hadi 21, ambacho deni ulilolihamisha kutoka kadi nyingine halitozwi riba. Ada ya kuhamisha huwa 3% hadi 5%. Tukirudi kwenye deni letu la 100,000: kwa ada ya 3% na miezi 15, unadaiwa 103,000, yaani 6,867 kila mwezi hadi liishe. Kiasi hichohicho ukikilipa kwenye kadi ya 24% kingechukua miezi 18 na riba ya takriban 19,400. Umelipa 3,000 badala ya 19,400. Ni chombo kizuri sana, lakini kwa mwenye nidhamu tu, na huharibika kwa njia zilezile kila mara. Mtu anahamisha deni, kisha kadi ya zamani iliyobaki tupu anaijaza tena. Au anatumia kadi mpya kununua vitu, akidhani navyo havina riba, kumbe nafuu ni ya deni lililohamishwa pekee. Au anachelewa malipo mara moja na ofa inafutwa. Au anachelewa kuhamisha, kwa kuwa mikataba mingi hutaka uhamisho ufanyike ndani ya siku 60 au 90 za mwanzo. Endelea kulipa kadi ya zamani mpaka uone kwa macho kwamba deni limehama. Kisha gawa deni kwa idadi ya miezi ya ofa ukiondoa mmoja, weka makato ya moja kwa moja, na kadi mpya ifungie kabatini.

*Kadi ya marejesho ya fedha.* Kwa mlipaji kamili hii ndiyo bora kwa urahisi wake. Inarudisha 1% hadi 2% ya matumizi, bila kujifunza thamani ya pointi. Kwa mbakizaji, fanya hesabu: marejesho ya 1.5% hupatikana mara moja, riba ya 2% hutozwa kila mwezi. Faida yote inaliwa kabla mwezi wa kwanza wa deni haujaisha. Kadi nyingine huahidi 5% kwa makundi fulani ya maduka, lakini huweka kikomo cha kila mwezi. Soma kikomo kwanza, asilimia baadaye.

*Kadi ya safari.* Huwa na ada kubwa ya mwaka, maili, bima ya safari na chumba cha mapumziko kwenye uwanja wa ndege. Ipime hivi. Chukua ada, iondolee thamani ya yale tu ambayo ungeyalipia hata usingekuwa na kadi. Kilichobaki kigawe kwa tofauti ya zawadi kati yake na kadi ya bure. Mathalani ada iliyobaki ni 10,000, kadi hii inatoa 2% na ya bure inatoa 1%: lazima upitishe 1,000,000 kwa mwaka ndipo uanze kupata faida. Chini ya hapo unailipa benki ili ikuzawadie. Mashirika hubadili thamani ya maili yanavyotaka, kwa hiyo kuzilimbikiza kwa miaka ni kujiweka hatarini.

Anayelipia vitu vya nje au mtandaoni kwa fedha za kigeni atazame zaidi ada ya kubadilisha fedha. Kwenye kadi nyingi inafika 3%, na kadi isiyo na ada hiyo humfaa kuliko maili. Mashine ya malipo ikikuuliza kama ulipe kwa sarafu ya nyumbani au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Ukichagua ya nyumbani, kiwango cha ubadilishaji hupangwa na upande wa muuzaji, na huwa kibaya.

*Kadi ya duka.* Riba yake kwa kawaida ni ya juu, na hutolewa pale kaunta wakati mteja anafikiria punguzo, hafikirii mkataba. Hatari kubwa ni riba iliyoahirishwa. "Miezi 12 bila riba" ina maana mbili tofauti. Ya kwanza, riba ni sifuri kweli, na baada ya miezi hiyo hutozwa kwa kilichobaki tu. Ya pili, riba inahesabiwa kimyakimya tangu siku ya kwanza, na husamehewa endapo tu utamaliza kila senti kwa wakati. Umenunua friji la 60,000 kwa riba ya 30%, umelipa vizuri mwaka mzima, zimebaki 500. Kwa mkataba wa aina ya pili utashushiwa riba ya mwaka wote, karibu 9,800. Neno la kutafuta kwenye mkataba ni "ikiwa italipwa yote." Ukiliona, ama uwe na hakika ya kumaliza mwezi mmoja kabla, ama uache.

*Kadi ya malipo kamili.* Kila mwezi lazima ulipe yote, hakuna kubakiza. Inawafaa wenye mapato makubwa na ya uhakika. Ukichelewa, adhabu ni kali.

*Kadi za benki za Kiislamu.* Hazitozi riba. Nyingi hutumia ada maalumu ya huduma, na adhabu ya kuchelewa mara nyingi hupelekwa kwenye misaada. Kwa anayekwepa riba kwa imani hili linajitosheleza. Kwa kulinganisha gharama, jumlisha ada zote za mwaka na uzigawe kwa deni unalotarajia kuwa nalo, kwa sababu ada isiyobadilika huwa ghali ukitumia kadi kidogo.

Mambo yanayoharibu hata kadi nzuri

Kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo ni kosa ghali kuliko yote. Hakuna siku zisizo na riba, riba yake huwa ya juu zaidi, na kuna ada juu yake. Toa 20,000 kwa ada ya 4% na riba ya 30%, rudisha baada ya siku 40: umelipa 800 za ada na kama 658 za riba, zaidi ya 7% kwa siku 40. Baadhi ya benki huhesabu pia kamari, ununuzi wa fedha za kigeni na kuhamishia fedha kwenye pochi ya simu kama kutoa taslimu. Uliza kabla, usingoje taarifa.

Kuhusu alama za mkopo, yaani namba inayopima jinsi unavyoaminika kulipa, mbali na kulipa kwa wakati, mifumo mingi hutazama umetumia sehemu gani ya ukomo wako. Kukaa chini ya 30% ni salama: ukomo wa 200,000, deni lisizidi 60,000. Kinachoripotiwa kwa kawaida ni deni la siku ya kufunga hesabu, hivyo hata mlipaji kamili anaweza kuonekana amejaza kadi. Akilipa sehemu siku chache kabla ya kufungwa, tatizo linaondoka. Usiombe kadi tatu kwa mpigo, kwani kila ombi huacha alama kwenye rekodi. Kama benki ina kipimo cha awali kisichogusa rekodi, anza nacho.

Makato ya moja kwa moja yawekwe kwa deni lote kama mapato ni ya uhakika. Kama hayatabiriki, yaweke kwa kiwango cha chini ili usichelewe, halafu ongezea mwenyewe fedha zikiingia. Bima ya deni inayopenyezwa kwenye fomu ikague kwa makini. Hutozwa kama asilimia ya deni kila mwezi, na mara nyingi haimlipii aliyejiajiri anapokosa kazi.

Faida moja ya kadi ya mkopo hupuuzwa mno: ulinzi. Fedha zikiibwa kupitia kadi ya benki ya kawaida, zimetoka kwenye akaunti yako. Kwa kadi ya mkopo, kinachobishaniwa ni deni la benki. Bidhaa isiyofika au malipo yaliyotozwa mara mbili unaweza kuyapinga, na kwa madai mengi mitandao mikubwa huruhusu hadi siku 120. Hifadhi risiti na mawasiliano na muuzaji, peleka dai kwa maandishi, na uendelee kulipa sehemu isiyobishaniwa. Hoteli na wakodishaji magari pia huzuia kiasi cha tahadhari. Ni afadhali wazuie ukomo wa kadi kuliko fedha zako za chakula.

Ukiamua kuachana na kadi, omba kwanza ibadilishwe iwe ya bure ya benki ileile, ili umri wa akaunti usipotee. Kama ni kufunga kabisa, tumia zawadi zilizobaki, hamisha malipo ya kila mwezi yaliyofungwa nayo, lipa kiasi cha kumaliza deni pamoja na riba ya siku za mwisho, na udai barua inayosema akaunti imefungwa na deni ni sifuri. Subiri taarifa moja zaidi kabla ya kukata plastiki.